Weupe watatu wa uani Mishomoroni

Picha iliingia Jumatano usiku, mwezi wa Januari, kaskazi imeshika na Mombasa nzima jasho na vumbi. Jani la mpapai, upande wa chini, limejaa kitu cheupe mfano wa pamba iliyochambuliwa. Chini yake shangazi yangu ameandika: "Mwanangu, hii ni nini? Mpapai wangu wafa."

Mimi ni fundi simu, Mwembe Tayari. Sikusomea wadudu. Ila mezani kwangu pana lenzi ya kubana jichoni, ile ya mafundi saa, inayokuza mara 10, na kazi ikipungua huitumia kutazama kila kitambaacho. Jamaa wameshanijua, kwa hiyo kila kidudu kinachozuka katika ukoo kinaletwa kwangu kwa picha. Kisa hiki nakieleza chote, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu kosa lenyewe lilikaribia kuwamaliza wasio na hatia.

Ua wa shangazi uko Mishomoroni na si mkubwa. Mipapai mitatu kwa safu kando ya ukuta, mpera wa zamani karibu na tangi la maji, mkilifi unaotoa kivuli cha kufulia, na makopo ya mrehani mlangoni. Mpapai wa kati ndio ulioumia. Majani ya juu yamejikunja na kuingia umanjano, matunda machanga yamevaa weupe mpaka shingoni, na majani ya chini yamepakwa weusi kama tako la sufuria ya kuni. Mpapai wa upande wa tangi ulikuwa na weupe kidogo, wa tatu bado safi. Mpera nao ulikuwa na weupe wake chini ya majani, na shangazi aliamini ni ugonjwa ule ule unaotembea kutoka mti hadi mti.

Kabla ya kunipata mimi alikuwa ameshazunguka. Duka moja la dawa za mimea walitazama picha kwenye simu yake wakamwambia ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, wakamuuzia dawa ya kuvu. Alipuliza mara mbili, hakuna kilichobadilika. Akatoa dawa ya mbu ya kopo, ile ya chumbani, akaupulizia mti mzima. (Mapapai yote yaliyokuwa juu ya mti siku hiyo tuliyatupa baadaye. Dawa ya chumbani haina kazi juu ya kitu cha kuliwa.) Mwisho akaamua kutumia mikono. Kila alfajiri baada ya swala alitoka na beseni la maji ya sabuni na kitambaa, akaminya wale aliowaita "mama zao": weupe wakubwa kuliko wenzao, wenye manyoya marefu, waliokuwa wakionekana kutembea huku wengine wametulia.

"Nikiwamaliza mama," aliniambia kwa simu, "watoto watakufa wenyewe."

Akanitumia picha ya hao mama. Nikaipitisha kwenye programu ya kutambua viumbe kwa picha, ikanipa jina lile lile kwa wakubwa na wadogo. Nikamjibu: ndiyo shangazi, endelea hivyo hivyo. Akaendelea. Zikapita karibu wiki mbili.

Nilikwenda Ijumaa, baada ya swala, lenzi mfukoni, kibano na brashi laini ya kusafishia bodi za simu kwenye karatasi. Shikamoo, marahaba, kahawa kikombe kimoja, tukatoka uani.

Nilianza na mpera kwa kuwa ulikuwa karibu. Nikatikisa tawi. Vijidudu vyeupe vikaruka kama unga uliopulizwa, vikazunguka kidogo, vikarudi kukaa chini ya majani. Kuvu hairuki. Nilipoligeuza jani nikaona nta nyeupe imechorwa kwa mizunguko, duara ndani ya duara, kama mtoto aliyechezea chaki kwa kidole. Wale walikuwa nzi weupe, na mizunguko ile ndiyo saini ya aina iitwayo Aleurodicus dispersus: jike hutaga mayai huku akizunguka na kuacha nta nyuma yake. Asili yake ni nchi za Karibi na Amerika ya Kati. Kwa mpera mkubwa wenye afya si balaa, na la muhimu ni kwamba hakuwa na uhusiano na kilichokuwa kwenye mpapai. Mpera nikauweka kando. Zilichukua dakika tano.

Mpapai ulichukua mchana mzima.

Nililowesha brashi nikapangusa ile pamba taratibu. Chini yake palikuwa na miili ya manjano, mviringo wa yai, urefu wa milimita mbili hivi, imepangana kando ya mishipa ya jani kama mbuzi kwenye birika. Kwenye lenzi kila mwili ulikuwa na vinyuzi vifupi vya nta pembeni kote, mfano wa nyuzi zinazobaki kwenye ukingo wa mkeka usiomalizwa. Nikamminya mmoja kwa kibano, ukatoka ute wa manjano. Nyuma ya wengine palikuwa na mfuko wa nyuzi nyeupe, mrefu kuliko mwenyewe, na ndani ya mfuko mayai ya manjano yenye ukijani, madogo kama chembe za chumvi iliyosagwa.

Hao wanaitwa vidung'ata. Wapo wa namna nyingi. Yupo anayependa hibiskasi, lakini huyo ukimminya hutoa rangi inayoelekea wekundu. Wangu alitoa manjano na yuko juu ya mpapai, kwa hiyo nilimshuku kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus. Kwa huyu upo mtihani mmoja ambao ulinifurahisha kwa sababu vifaa vyake vyote viko mezani kwa fundi simu: ukimtia kwenye spiriti, hugeuka mweusi wenye ubuluu. Nikawatia watano kwenye kichupa kidogo, nikamimina spiriti ya kusafishia bodi, nikafunga. Ijumaa jioni walikuwa manjano. Jumapili nilipofungua duka walikuwa kama walioogeshwa kwa wino.

Basi mwizi nilimjua. Wakabaki wale mama.

Shangazi alikuwa amewaacha wachache tu. Nikampata mmoja kwenye shingo ya papai changa, mkubwa mara mbili ya wenzake, milimita nne hivi, manyoya ya nta yamesimama kwa mafungu marefu yasiyo na mpango, si ule upindo mfupi wa kidung'ata. Nikamgusa kwa ncha ya kibano. Kidung'ata ukimgusa anajikunja kidogo au hafanyi lolote, maana mdomo wake ni uzi mwembamba aliouzamisha ndani ya mti na hauchomoki kwa haraka. Huyu alikimbia. Alikimbia kweli, akapita juu ya migongo ya wenzake, akaingia upande wa pili wa tunda. Nikamfuata na lenzi. Aliposimama aliingiza kichwa ndani ya mfuko wa mayai, ile pamba ikawa inatikisika. Nilimnyanyua, nikamlaza chali juu ya karatasi. Miguu sita mirefu, inapiga hewani. Mbele, taya mbili ndogo za kutafunia. Mtu anayenyonya kwa mrija hana haja ya meno.

Hapo nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafikiri kitu ambacho ningepaswa kukifikiri tangu picha ya kwanza. Yule wa manjano mwenye mfuko wa mayai nyuma yake ndiye mama. Jike wa kidung'ata hapati mabawa wala habadiliki umbo, anakua tu akiwa vile vile. Akishataga, hakuna mama mwingine mkubwa zaidi wa kumtafuta. Ukubwa ndio uliotuponza, mimi na shangazi na ile programu pia: kitu kikubwa katikati ya vidogo vinavyofanana nacho, akili inamaliza kazi mapema na kusema huyu mzazi.

Sikutaka kusema neno mpaka niwe na hakika, maana nilishasema moja na likawa hilo. Nikachukua chupa mbili za kioo. Katika kila moja nikatia kipande cha ganda la papai chenye vidung'ata na mifuko yao ya mayai. Katika chupa ya pili nikaongeza "mama" wawili. Midomo nikaifunga kwa kipande cha mtandio mkuukuu na mpira, wapate hewa. Nikazipeleka dukani, nikaziweka nyuma ya chaja, wateja wakadhani ni dawa ya kienyeji.

Jumanne, chupa ya kwanza ilikuwa na watoto wa manjano wamezagaa mpaka kwenye kioo. Chupa ya pili mifuko ilikuwa imepasuka na kubaki matambara, na penye vidung'ata palikuwa na magamba matupu. Wale wawili walikuwa wamenenepa. Alhamisi mmoja alijibandika kwenye kioo akaacha kutembea, manyoya yake vile vile, nikadhani amekufa kwa joto la duka. Nikamwacha. Baada ya siku nane kikatoka kidudu cha duara, urefu wa milimita mbili, hudhurungi inayokaribia weusi, mgongo una vinyweleo vya kung'aa kama mahameli. Mbawakawa. Ukoo wake ni ule wa wale wekundu wenye madoa meusi ambao watoto huwaweka kiganjani. Huyu ni binamu asiye na mapambo, na utotoni huvaa nta nyeupe na kuishi ndani ya kundi la anaowala. Mashuhuri kuliko wote wa tabia hii ni Cryptolaemus montrouzieri wa Australia, ambaye Albert Koebele alimpeleka California mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili awale vidung'ata kwenye michungwa.

Kwa hiyo shangazi, kwa wiki mbili, kila alfajiri, alikuwa akiua paka na kuwaachia panya.

Nilimpigia. Akanyamaza kidogo.

"Basi nimewaua askari wangu mwenyewe?"

"Mimi ndiye niliyekwambia uendelee, shangazi."

"Na mimi namsikiza fundi simu," akasema, akacheka.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini mpapai wa kati uumie hivyo na wa tatu, hatua nne tu pembeni, uwe safi. Jibu lilikuwa likipanda na kushuka mbele ya macho yetu: chungu. Kwenye shina la kati palikuwa na msafara usiokatika, na shinani udongo mpya umefukuliwa. Nililowesha kidole nikawanasa kadhaa. Wengi walikuwa wadogo, wa kahawia, wa kawaida. Wachache kati yao walikuwa na vichwa vikubwa kupita kiasi, kama waliovaa helmeti za bodaboda. Ukiona vibarua wadogo na askari wa vichwa vikubwa katika msafara mmoja, hilo ni kabila la Pheidole, na anayejulikana zaidi kwa kuzagaa majumbani katika nchi za joto ni Pheidole megacephala.

Hawa wana biashara na vidung'ata. Kidung'ata hunyonya utomvu mwingi kuliko anaouhitaji, na unaozidi humtoka nyuma ukiwa maji matamu. Chungu hunywa yale maji na kwa malipo huwafukuza maadui. Yasiyonyweka hudondoka kwenye majani ya chini, na juu ya ule utamu ndipo huota kuvu nyeusi, ule weusi wa sufuria. Yule muuzaji wa dawa hakukosea moja kwa moja, basi: kuvu ilikuwapo. Lakini ilikuwa nyeusi, ilikuwa juu ya jani wala haikuingia ndani, na nilipoipangusa kwa kidole chenye mate, chini yake jani lilikuwa kijani kitupu. Dawa yake ilipigana na makombo huku karamu ikiendelea ghorofani. Dawa ya mbu nayo iliwateleza vidung'ata kwa sababu ya nta yao, na kwa hakika iliua wengi waliokuja kuwala. Na wale mbawakawa watoto, nta waliyovaa si urembo: chungu huwapita karibu bila kuwashambulia.

Hapa niseme neno kwa ajili ya chungu wengine. Jirani aliyesikia habari alishauri tumwage dawa ya chungu ua mzima, pamoja na mwembe wake wenye maji moto, wale wekundu wanaoshona majani. Nilimkataza. Maji moto, Oecophylla longinoda, pia hufuga wadudu wa maji matamu, sikatai, lakini kwenye minazi ya pwani yetu na ya Unguja ndio wanaomzuia mdudu anayenyonya nazi changa zikadondoka. Mdudu huyo, Pseudotheraptus wayi, amepewa jina la Michael Way, Mwingereza aliyechunguza minazi ya Unguja katika miaka ya 1950. Na adui anayewafukuza maji moto mtini mara nyingi ni huyu huyu wa kichwa kikubwa. Kumwaga dawa kwa chungu wote ingekuwa kurudia hadithi ya mama kwa mara ya pili.

Wengine waliniuliza kwa nini zamani mipapai haikuwa hivi. Kidung'ata huyu kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huko si msumbufu sana, maana wanaomla wapo. Afrika aliingia kupitia magharibi, Ghana, takriban mwaka 2009, na Kenya aliripotiwa mwaka 2016, pwani ikiwa ya kwanza kuumia. Aliyemzidi nguvu kwingi alikoenea ni nyigu mdogo ajabu, Acerophagus papayae, anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kwa ndani, ngozi inavimba na kuwa kahawia, kisha anatoboa tundu la duara na kuruka. CABI, shirika la kimataifa la kilimo, na KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, walimleta nyigu huyu Kenya kutoka Ghana. Njia yenyewe si ngeni Afrika: kidung'ata wa muhogo alipotishia njaa, nyigu wake alipatikana Paraguay mwaka 1981, na kwa kazi ya kumsambaza Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tulichofanya Mishomoroni kilikuwa cha kawaida sana. Mpapai wa kati tuliukata, ulishapita kuokoka. Vipande tukavitia kwenye pipa lenye kifuniko tukaliacha juani, maana ukivitupa nje upepo wa kaskazi unawabeba watoto wa vidung'ata mpaka kwa jirani. Mpapai wa tangi tuliuosha kwa mpira wa maji, chini ya majani, kwa nguvu, jioni tatu. Palipobaki weupe bila watoto wa mbawakawa tulipuliza maji ya sabuni, kijiko kwa lita. Penye mbawakawa tuliacha kama palivyo. Shina tulilizungushia kitambaa, juu ya kitambaa tukapaka girisi nzito. Usipake girisi kwenye ganda lenyewe la mpapai, ni laini, linaungua.

Siku ya tatu chungu walikuwa juu ya mti tena, msafara kamili. Girisi ilikuwa safi, hakuna hata mmoja aliyekwama. Tulizunguka mti ule na shangazi karibu nusu saa, yeye akitafuta chini na mimi nikitafuta shinani, mpaka akainua kichwa na kuonyesha kwa kidole: kamba ya kuanikia nguo. Upande mmoja imefungwa kwenye mkilifi, upande wa pili kwenye mpapai, juu ya girisi. Walikuwa wakipita kwenye kamba, katikati ya vibanio vya nguo, wakichepuka kila walipokuta leso. Shangazi akaifungua kamba bila kusema neno, akaihamishia kwenye nondo ya ukuta.

Masika yalipoingia mwezi wa nne, mvua ilisaidia kazi, kama inavyosaidia kila mwaka. Mpapai wa tangi ukatoa majani mapya yaliyonyooka. Weupe haukwisha, bado ulikuwapo kwenye shingo za matunda mawili matatu, na ndani yake watoto wa mbawakawa wenye manyoya, ambao sasa shangazi anawahesabu kila asubuhi na kunitumia idadi. Jirani mmoja alitaka kumsaidia kuwaminya, akafukuzwa uani.

Mwezi wa tano akanipokonya lenzi yangu ya akiba. Wiki iliyofuata ikaja picha, safari hii ameipiga kupitia lenzi, ukingo wa picha una weusi wa duara. Kidung'ata mmoja, hana pamba, amevimba, rangi ya chai ya maziwa, na mgongoni ana tundu dogo la duara lililokatwa vizuri kama la sindano.

Chini yake ameandika: "Huyu katobolewa, na mimi sikumgusa. Usinijibu kwa simu. Njoo utizame."